Hatua ya Tano

Mwalimu Mbodze hakucheza mbele yetu.
Alikaa juu ya kreti la soda, mlangoni mwa darasa la nne,
akipiga rula kwenye kopo la mafuta ya kupikia.
"Moja, mbili, tatu, nne, na hiyo nyingine iacheni."
Tulimuuliza: tuiache wapi?
"Hewani. Itajua pa kwenda."

Tulikuwa ishirini na wawili, vumbi la Maweni hadi magotini,
na hando za amerikani alizoshona mwenyewe usiku
akazitia wanga wa muhogo
mpaka zikasimama zenyewe, kama watu waliokasirika.
Mimi nilikuwa wa mstari wa nyuma,
mabega mazito, kana kwamba nimeazima ya mjomba.
"Wewe, Nyevu, unatikisa kama unayefukuza nzi.
Bega halifukuzi. Bega linakaribisha."
Nikaenda nyumbani nikakaribisha mbele ya kabati la vyombo
hadi mama akanishika paji, akauliza kama nina homa.

Sijui alijifunzia wapi.
Wengine walisema Bamba, kwa shangazi
aliyeitwa misibani kucheza mwanzele.
Wengine walisema hakufunzwa na mtu:
baba yake alikuwa mlokole, alikataza ngoma,
lakini hakukumbuka kuziba tundu la ukuta.

Hoteli moja ya ufukweni ilimfuata.
Ilitaka ngoma ya dakika saba, kabla ya tambi, Wataliano wasichoke.
Alikubali. Msimpambe sasa mkasema alikataa.
Bati za jikoni kwake zilitoka katika dakika hizo.
Ila alituambia, akitufunga njuga, uzi katika meno:
"Watakata mwanzo. Watakata mwisho.
Ile ya tano hawaioni, wataikataje?"

Mwaka ule tukafika Nakuru, mashindano ya shule.
Baridi ilitubana mbavu, njuga zikawa barafu vifundoni.
Mwamuzi mwenye tai akaandika:
*Nzuri, ila wanasitasita.*
Tukawa wa sita. Shule zilikuwa saba.

Usiku niliamka kwenda chooni.
Uani, chini ya taa ya mlinzi,
viatu kavivua, koti la kuazima limemfika ndamani,
Mwalimu Mbodze alikuwa anacheza.
Moja, mbili, tatu, nne,
na pale alipoacha,
naapa, hata mbwa wa mlinzi aliacha kujikuna.
Sikumwambia mtu. Nawaambia ninyi leo.

Kisukari kilianza na kidole, kikapanda.
Amefariki Jumanne, wodi ya wanawake, mimi nikiwa zamu.
Nilimfunga kidevu, nikaandika saa.
Kisha nikaenda kwa binti yake aliyekaa kwenye benchi nje,
na kabla sijasogeza pazia nikahesabu nne
nikaiacha moja, kama nifanyavyo kwa kila jamaa wa kila mgonjwa.
Chuo cha uuguzi hakikunifunza hilo.

Chengo wa tuktuk naye, kwenye makutano ya barabara ya Lamu,
njia ikiwa nyeupe kabisa, husita kidogo.
Abiria humtukana. Miaka kumi na tisa hajagonga hata kuku.

Tulimzika Ganda, jua la saa nane,
mchungaji ana mazishi mengine Gede, anaharakisha.
Wabebaji sita, wote wa kreti lile la soda.
Hatukuwa tumepanga.
Tulitoka mlangoni: moja, mbili, tatu, nne,
tukasimama.
Mchungaji akajigonga mgongoni mwa Chengo, Biblia ikaanguka.
"Kuna nini?" akauliza shemeji mmoja wa Mombasa. "Twendeni!"
Hakuna aliyemjibu.
Mtoto wa Umazi, wa miaka minne,
ambaye hakuwahi kumjua Mwalimu,
alikuwa kando ya njia, kashika gauni la mamake,
kainua mguu mmoja,
hajaushusha.